Gundi na oili gani kwa kufunga upya injini ya Triumph 650 ya 1967?

StadiKumi

Habari wakuu. Injini ni ya pikipiki Triumph 650 ya 1967, ile ambayo giaboksi imo kwenye bodi (kasha la krenki) moja na injini. Nusu mbili za bodi zimetenganishwa, mtego wa uchafu ndani ya krenki umefunguliwa na kusafishwa, beringi na bushi zote mpya. Nyuso zinazokutana zimepimwa kwa rula ya chuma na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya): ya 0.05 mm haipenyi popote.

Kiwandani hapo katikati hawakuweka gasketi, wala kwenye kifuniko cha taiming (kinachofunika gia za kamu). Je, silikoni ya kijivu inafaa, au kuna gundi bora? Gasketi za karatasi zipakwe kitu au zikae kavu? Na wakati wa kufunga, wapi pasta ya molibdeni na wapi oili ya kawaida? Oili ya kuanzia nayo iwe ipi?

FundiChuma

Mkuu, kama fila ya 0.05 haipenyi, silikoni haina kazi hapo. Hiyo ni ya kujaza mwanya mkubwa, mfano sampu ya bati iliyopindapinda. Ukiibana kati ya nyuso mbili zilizonyooka, karibu yote inatoka pembeni. Ya nje utaiona na kuifuta. Ya ndani inakauka ikining'inia kama uzi wa mpira, siku moja inakatika na kwenda kukaa kwenye chujio la oili au ndani ya tundu la kupitishia oili. Halafu petroli huilainisha, kwa hiyo injini ya tu-stroku, ambayo mchanganyiko wa petroli unapita ndani ya bodi, isiione kabisa. Ile yenye harufu ya siki ni mbaya zaidi: ikikauka hutoa asidi inayokula chuma.

Zinazofaa ni za aina tatu. Kwanza, zisizoganda, kama Hylomar Blue: inabaki inanata, na siku ya kufungua bodi inaachia bila ugomvi. Pili, zinazokauka nusu, kama Yamabond 4 au Hondabond 4. Tatu, zinazoganda pale tu zinapokosa hewa zikiwa zimebanwa na chuma, kama Loctite 518. Uzuri wa hii ya tatu ni kwamba ile iliyotoka kwa ndani haigandi, inaoshwa na oili. Ila haitaki hata dalili ya grisi.

Kwa bodi yako ningetumia inayokauka nusu, na kwenye kifuniko cha taiming hiyo inayoganda bila hewa. Sababu ni kwamba oili inayokwenda kwenye krenki inapita ndani ya kifuniko hicho. Tundu lake likizibwa hata nusu, beringi za konrodi ndizo zitakazolipa.

Kupaka: futa nyuso zote mbili kwa asetoni na kitambaa kisichoacha nyuzi, hadi kitambaa kitoke cheupe. Paka upande mmoja tu, tandaza kwa kidole chenye glavu mpaka rangi ya chuma ianze kuonekana chini yake. Acha kama 3 mm bila gundi kuzunguka kila tundu la oili. Hylomar isubiri kama dakika 10 kiyeyushi chake kipotee, ndipo ufunge. Kaza kwa awamu, ukianzia katikati kwenda nje. Kabla ya hapo hakikisha matundu yasiyotokea upande wa pili hayana oili wala asetoni ndani: bolti ikisukuma majimaji yasiyo na pa kwenda, alumini inapasuka.

Na kwa vyovyote usisafishe nyuso kwa zile diski za nyuzinyuzi za kusugulia zinazozungushwa na drili. Vumbi lake ni msasa mtupu na linaua beringi. Tumia skrepa ya plastiki na subira.

OiliNzito

Naongezea upande wa ulainishaji. Pasta ya molibdeni iende kwenye kamu na nyayo za tapeti, basi. Hapo chuma kinasuguana kwa shinikizo kubwa kabla pampu haijafikisha oili. Kwenye ringi na ukuta wa silinda usiiweke: ringi zinahitaji kusuguana kidogo na ukuta ule ili zikae, na molibdeni inazuia hilo. Silinda na pistoni zipate oili ya injini, tena kidogo. Beringi na bushi nazo oili ya injini inatosha, ingawa kama injini itakaa miezi kabla ya kuwashwa, oili nzito ya kufungia injini ni bora kwa sababu haichuruziki.

Oili ya kuanzia: 20W-50 ya madini, siyo sintetiki, yenye zinki takriban 1,000 hadi 1,200 ppm (sehemu kwa milioni). Oili nyingi za magari ya kisasa za 5W-30 zimepunguziwa zinki na fosforasi ili kulinda kikatalisti (kisafisha moshi) cha ekzosi, na tapeti bapa kama hizi zinaihitaji hiyo zinki.

Usichanganye oili za vyumba vitatu vya injini hii: injini yenyewe, praimari na giaboksi. Klachi iko kwenye chumba cha cheni ya praimari, takriban 350 ml, nacho kinataka oili nyepesi isiyo na viambato vya kupunguza msuguano. Yenye alama ya JASO MA (kiwango cha oili za pikipiki zenye klachi ndani ya oili) ni salama. Giaboksi ni kama 500 ml, na ni oili ya gia ya daraja la GL-4. GL-5 iache, kwa kuwa salfa iliyomo inaweza kula bushi za shaba.

StadiKumi

Shukrani wakuu. Gasketi ya pampu ya oili je? Na ya hedi, ambayo ni shaba tupu?

FundiChuma

Ya pampu ifunge kavu, bila gundi ya aina yoyote, na uhakikishe matundu yake yanalingana na ya bodi. Karatasi nyingine zipake grisi nyembamba pande zote mbili. Zitaachia bila kuchanika.

Ya shaba ipashe moto hadi iwe nyekundu iliyofifia, itumbukize majini, kisha futa weusi. Mafundi wengi huogopa kuwa maji yataigumisha kama feleji, lakini shaba haigumuki hivyo, moto unailainisha.

Mnyororo

Kabla ya kulaumu gasketi ya hedi, pima sili za mirija ya pushrodi. Weka gasketi, mirija na sili zake, laza hedi juu bila kukaza, pima mwanya kati ya hedi na gasketi. Unataka 0.75 hadi 1 mm. Ukizidi, sili zinaibeba hedi na gasketi haibanwi vizuri, hata ukikaza bolti ipasavyo. Ukipungua, mirija itavuja oili.

Na siku ya kuwasha, toa plagi, piga kiki mpaka uone oili inarudi kwenye tangi lake. Ikishawaka usiiache ikiunguruma taratibu kwa muda mrefu, ringi hazitakaa. Iendeshe kwa mzigo mwepesi unaobadilikabadilika. Oili ya kwanza imwage baada ya kilomita 100 hivi.

OiliNzito

Mkuu FundiChuma, grisi kwenye karatasi nakubali, ila iwe upande mmoja. Ukipaka pande zote mbili kwenye kifuniko kipana, karatasi inateleza na kutokeza nje unapokaza. Upande wa bodi weka Hylomar kidogo ishike, upande wa kifuniko ndio grisi.