Pesa za wazee: kila aliyefika 70, au masikini pekee?

Mwana wa Majengo
Hoja imerudi tena mabarazani: kwamba zile shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa pesa wasiojiweza na wazee, hazifai kupewa kila mzee wa miaka 70. Mfano wao ni uleule: mzee mwenye nyumba za kupangisha Tudor, watoto wako Dubai, naye yuko kwenye foleni ya benki pamoja na ajuza anayeuza mihogo. Huyu wa nini?

Mimi nasema naye apewe. Kabla ya 2018 mpango ulikuwa wa wazee masikini kuanzia miaka 65, ikabidi mtu akae achague. Sasa niambieni, Mombasa masikini unamjuaje? Kuna mama Mji wa Kale, nyumba ya urithi, ghorofa mbili, mlango wa nakshi. Jikoni hamna unga, na nyumba haiuziki kwa sababu warithi ni wengi na hawasemezani. Mwingine yuko Bangladesh, kule Jomvu, chumba cha mabati, lakini mwanawe ana kazi bandarini na kila mwisho wa mwezi humtumia kitu. Anayekuja na fomu ya kuuliza paa lako la nini, ukuta wako wa nini, choo chako cha aina gani, atamwandika nani? Na kabla ya fomu kuna mzee wa mtaa, na mzee wa mtaa ana shemeji zake.

Zanzibar walianza Aprili 2016: mkaazi aliyefika 70 akawa analipwa 20,000 za Tanzania kwa mwezi. Hakuna wa kukufunulia sufuria.

Muuza Viungo, Kongowea
Ndugu yangu, hesabu hujaifanya. Mfuko ni uleule. Hizo 2,000 zimekaa palepale kwa zaidi ya miaka kumi, na mimi niko sokoni, najua bei zimekwenda wapi. Kila anayelipwa bila haja anazuia zisipande. Hata Katiba: kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, sawa, lakini teremka kidogo usome. Serikali inatakiwa iwape wale wasioweza kujikimu. Mwenye nyumba Tudor anajikimu.

Bi Mkubwa wa Kuze
Kasema kweli. Hata zaka ina mafungu manane, haigawiwi kila apitaye mlangoni.

Utingo, Changamwe
Nyote ni wazee tu, wazee tu. Mimi nina miaka 38. 2019 ilipotoka amri kuwa mizigo ya Nairobi ipande reli, tajiri wetu aliegesha malori akatuambia mtapigiwa simu. Amri ikaja kuondolewa 2022. Hapo katikati ikaingia korona, Kazi Mtaani, ule mpango wa serikali wa vibarua vya mitaani, ikatuokota baadhi yetu, tukazibua mitaro na kufyeka nyasi, kisha nayo ikafa. Hakuna mpango unaomtambua mtu mzima mwenye mikono miwili na hana kazi. Mwataka nisubiri 70? Kwetu wangapi hufika?

Mwana wa Majengo
Utingo, lako ni zito, na mpango wa kumshika mtu kazi inapokatika tungekuwa nao zamani. Lakini usimnyang'anye bibi yako ili upewe wewe, maana nyumba nyingi hapa hiyo elfu mbili ya bibi ndiyo inayolisha wajukuu.

Bi Mkubwa, shikamoo. Zaka huitoa mtu kwa jirani anayemjua. Serikali haimjui jirani, yajua orodha tu.

Na Muuza Viungo, hesabu yako ingesimama kama chujio lingemtoa yule wa Tudor. Halimtoi. Yule anajua ampigie nani simu. Anayeachwa ni yule asiye na wa kumpigia. Ukitaka 2,000 za tajiri zirudi, mtoze ushuru kwa pesa za pango anazokusanya, nyumba zake hazifichiki.

Dada wa Mikindani
Nimefanya kazi na mashirika ya misaada, niongeze la nje. Yemen vita vilipoiangusha serikali, UNICEF ilianza 2017 kulipa kaya zipatazo milioni 1.5 kwa pesa za Benki ya Dunia. Iliwezekana kwa sababu palikuwa na orodha ya Mfuko wa Ustawi wa Jamii ya kabla ya vita. Orodha hiyo iliwafaa watu sana, lakini ilikuwa imeganda. Mwalimu aliyekatikiwa mshahara kwa vita hakuwamo, akabaki kuangalia wenzake wakilipwa.

Sudan nao walianza Thamarat, mpango wa kuzipa familia pesa, 2021, wakikusudia takriban asilimia 80 ya familia, yaani karibu wote. Mapinduzi ya Oktoba yakaja, wafadhili wakafunga mkono, basi. Kwa hivyo mnapogombania "wote" na "wahitaji", ulizeni pia pesa ni za nani na orodha hufunguliwa lini.

Mwana wa Majengo
Hapo ndipo penyewe. Sisi hatukuwa na vita na bado orodha iliganda. Wazee waliandikishwa 2017, kisha waliotimiza 70 baadaye wakakaa nje miaka. Tukaambiwa ni ya wote, kumbe ni ya waliowahi. Mimi ningeanzia hapo: mtu afike 70 aingie mwezi huohuo, bila kungoja msimu wa kuandikisha.

Muuza Viungo, Kongowea
Hilo nakubali. La tajiri sijakubali.

Bi Mkubwa wa Kuze
Marahaba mwanangu. Sasa nami nikuulize. Kakangu alinitangulia kuzaliwa, mimi nilibebwa mgongoni mwake. Kitambulisho changu chasema nina 71, napokea. Chake, kwa sababu karani alimkadiria kwa macho, chasema ana 64. Katika hao "wote" wenu, yeye mnamweka wapi?