Mbuzi mwenye mimba kajitenga na hali chakula vizuri, niangalie nini wakati namsubiri daktari?

mgeni_wa_zizi
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada wenu. Nina mbuzi jike ana mimba ya siku kama 130, tumbo kubwa sana nahisi kabeba mapacha. Tangu jana jioni simwelewi, wenzake wakikimbilia chakula yeye anabaki nyuma kasimama pembeni kichwa kakiinamisha, anaonja majani mawili matatu basi. Hakohoi, haharishi, kamasi hamna. Hapa nina antibayotiki ilibaki ya mbuzi mwingine, je nimpige sindano tu au nisubiri? Daktari wa mifugo kasema yuko mbali kidogo, atanipigia. Huyu ndo mbuzi wangu wa kwanza kabisa, roho inaniuma kumuona hivi.

zizi_la_juu
Pole sana mkuu. Hiyo sindano iweke kwanza, hujajua unatibu nini na ukishachoma dalili zinajichanganya, daktari akija anakuta hadithi nyingine. Chukua daftari na saa. Anza kumuangalia kwa mbali kabla hujamkamata, maana ukishamkimbiza pumzi na joto vinapanda na unapata namba za uongo. Akiwa ametulia hesabu ubavu unavyopanda na kushuka kwa nusu dakika halafu zidisha mara mbili, mbuzi mkubwa aliyetulia anapumua kama mara 15 hadi 30 kwa dakika. Angalia pia kama anacheua, mbuzi mzima akilala kivulini utamuona tu anacheua. Baada ya hapo ndo umshike umpime joto kwenye njia ya haja kubwa, themomita ipake mafuta na uielekeze iguse ukuta wa utumbo, ukiichomeka katikati ya mavi itakusomea chini. Kawaida ni 38.5 mpaka 39.7 hivi, siku ya jua kali inaweza kusogea kidogo. Halafu weka ngumi kwenye lile shimo la ubavu wa kushoto nyuma ya mbavu ubonyeze na utulie, tumbo la kucheulia linatakiwa likusukume mara moja au mbili kila dakika. Hapo hapo utajua kama pamejaa gesi, pakiwa pamevimba na pamekaza kama ngoma usisubiri chochote, piga simu tena. Andika kila kitu na saa yake, rudia baada ya masaa mawili.

mama_mbuzi
Na kope usisahau dada/kaka. Vuta kope ya chini uangalie rangi ya ndani kwenye mwanga wa jua sio wa tochi. Ikiwa nyekundu au pinki iliyokolea sawa, ikiwa nyeupe kama karatasi damu imeisha na mara nyingi ni wale minyoo wanaonyonya damu tumboni. Wanaweza kummaliza mbuzi bila kuharisha hata siku moja, ndo maana watu wanashtukia kaanguka. Pitisha na mkono chini ya taya kama kuna uvimbe laini wa maji.

mgeni_wa_zizi
Asanteni sana, nimefanya vyote. Saa 11 jioni joto 39.1, pumzi 28, kope pinki, chini ya taya hamna kitu. Kucheua sijamuona kabisa. Ubavu wa kushoto haujavimba ila nimekaa dakika tatu nimehisi msukumo mmoja tu tena dhaifu. Mavi vidonge vidogo vikavu, vichache. Na anasaga meno. Joto liko sawa kwahiyo nisiwe na wasiwasi sana?

zizi_la_juu
Hapana mkuu, hapo ndo wasiwasi unaongezeka. Joto la kawaida halimaanishi mzima. Jike mwenye mapacha wiki za mwisho watoto wanataka nguvu nyingi na wakati huohuo wamelibana tumbo hana pa kuweka chakula, akipunguza kula mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake na mabaki yake yanamlevya. Mwanzo wake ndo huo, kujitenga, kukataa chakula, kusaga meno, baadaye macho kama haoni, halafu analala haamki. Upungufu wa kalsiamu nao unafanana sana na huo, kuvitofautisha ni kazi ya daktari. Mpigie SASA HIVI msomee hizo namba na mwambie siku 130, tumbo kubwa, hali chakula. Mwambie aje na kipimo cha ketoni, ndo hayo mabaki ya mafuta yanayomlevya. Kwa sasa mpe majani mabichi anayoyapenda kidogo kidogo na maji masafi, usimjazie nafaka ghafla tumbo litachachuka uongeze tatizo la pili. Na usimmiminie kitu mdomoni kwa nguvu akiwa dhaifu, kinaingia kwenye mapafu.

jirani_wa_malisho
Naongezea moja kwa wengine wanaosoma. Mimi nilikuwa na dume lililohasiwa likawa linajikamua, nikasema limefunga choo nikahangaika na dawa za tumbo siku nzima. Kumbe ni mkojo ulikuwa umeziba na vijiwe, lilikuwa linatoa matone tu na sikukaa hata dakika kumi kuangalia linatoa nini. Lilikufa. Mpaka leo linaniuma.

mama_mbuzi
Pole jamani. Mgeni, asibaki peke yake gizani, mtenge lakini awaone wenzake, mbuzi akikaa mpweke anagoma kula zaidi.

mgeni_wa_zizi
Nimerudi. Daktari alivyosikia zile namba aligeuza safari akafika usiku, kapima ketoni zipo, kamuwekea glukosi kwenye mshipa na kaniachia dawa ya kumnywesha asubuhi na jioni, kanionyesha na jinsi ya kumshika kichwa kisipande juu sana. Kasema bado hajavuka. Saa 12 asubuhi hii joto 39.0, msukumo mmoja kwa dakika, kala majani kiganja kimoja na nimemuona anacheua kidogo. Nitapima tena saa 2.