Saratani ya maungio ya umio na tumbo: "aina ya pili" ni nini?

Swali: Mjomba wangu amepimwa kwa kamera, akaambiwa ana saratani pale umio unapoingia tumboni, aina ya pili ya Siewert. Je, ugonjwa umefika hatua ya pili?

Jibu: Hapana, ndugu. Siewert ni mfumo wa kugawa saratani za maungio haya kwa aina, nao hueleza mahali tu; kwa aina ya pili, kitovu cha uvimbe kipo kati ya sentimita 1 juu ya maungio na sentimita 2 chini yake. Hatua hupimwa kwa njia nyingine, ikiwemo picha ya CT (eksirei za kompyuta zinazoonyesha mwili tabaka kwa tabaka).

Jibu: Naongezea kwamba kiungulia cha miaka mingi, unene na sigara huongeza hatari, ingawa wengi huja hospitali pale tu ugali unapokwama.

Muulizaji: Ahsanteni. Yeye kiungulia alikizoea, akitafuna magadi.