Uzi maalumu: ugonjwa wako ulivyo kwenye tamthilia za hospitali na ulivyo mwilini mwako. Tupeane uzoefu

Wakuu, heshima kwenu.

Wapenzi wa tamthilia za hospitali tunajuana. ER ilianza 1994, House ikaja 2004, Grey's Anatomy 2005, na mpaka leo mgonjwa akianguka tu kwenye kioo tunashindana kutaja ugonjwa kabla ya daktari. Mimi nina pumu, na sijaona ilipoigizwa ikaniingia akilini. Muigizaji anashika kifua, anavuta dawa mara moja, pumzi hiyo imerudi, wanaendelea na mapenzi yao. Yangu ikibana, hewa kuingia ni shida na kutoka ndiyo balaa zaidi. Sentensi siimalizi. Dawa ya kuvuta inachukua dakika kadhaa kunifungua, halafu inaniachia mikono inayotetemeka na moyo unaokwenda mbio. Hayo matetemeko hawayaonyeshi.

Basi wenye magonjwa, mnaouguza na mnaofanya kazi wodini, shukeni. Wapi wamepatia, wapi wametupiga changa la macho? Wa "nilisikia kwa jirani" leo kaeni msome.

Kimya Kidogo:
Mkuu umenigusa. Nina kifafa. Kwenye tamthilia kifafa ni mapovu na kurusha miguu, kwisha habari. Mimi kuanguka ni nadra. Mara nyingi nakodoa macho, natafuna pasipo kitu mdomoni, vidole vinachezea kifungo cha shati, na ukiniita siitiki. Watu hudhani nawadharau.

Kinachoniudhi ni huduma ya kwanza. Watafiti wa Kanada walipitia tamthilia nne za hospitali, ER, House na Grey's Anatomy zikiwemo, wakakuta matukio 59 ya kifafa. Karibu nusu yake walifanya visivyo: kumkandamiza mgonjwa, kumtia kitu mdomoni. Na hao ni madaktari wa kwenye kioo! Nina jino lililovunjwa na kijiko cha mtu aliyekuwa na nia njema kabisa. Ukinikuta, ondoa vitu vigumu karibu, weka kitu laini chini ya kichwa, nilaze ubavu mitikisiko ikipungua, tazama saa. Ikizidi dakika 5, ita msaada. Mdomo wangu uache.

Binti Kivuli:
Mashabiki wa House mnajua, mara kwa mara mtu anataja lupus na karibu kila mara anaambiwa siyo. Imegeuka mzaha dunia nzima. Sasa mimi ndiyo ninayo hiyo lupus, kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Niseme ukweli, hapo wamepatia kuliko wanavyojua: inajifanya magonjwa mengi, na hakuna kipimo kimoja cha kukata shauri. Mimi ilianza na viungo kuuma asubuhi, nikaambiwa uchovu. Ukaja upele wa mashavuni uliovuka pua kama kipepeo, nikaambiwa mafuta ya kupaka. Mkojo ulipoanza kutoa povu ndipo mtu akafikiria figo.

Walichokosea ni muda. Kwao jibu linapatikana ndani ya dakika 40 na jopo zima limekuzunguka kitanda. Mimi nilikuwa napanga foleni na faili langu mkononi, kila mlango daktari mwingine, kila mmoja naanza kumsimulia upya.

Mzee wa Rimoti:
Msiwaseme vibaya tu jamani. Pale Marburg, Ujerumani, mwaka 2012 aliletwa mwanamume wa miaka 55, moyo umechoka, macho na masikio yanapotea, chanzo hakijulikani. Profesa Jürgen Schäfer, aliyekuwa akitumia House kufundishia wanafunzi wake, akakumbuka kipindi chenye dalili kama hizo. Kumbe nyonga ya bandia ya chuma ilikuwa inasagika na kumwaga madini ya kobalti kwenye damu. Wakaibadilisha, moyo ukapata nafuu, ingawa macho na masikio hayakurudi sana. Kisa kilichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2014.

Sista Zamu:
Mzee, hicho kisa nakukubalia. Sasa niacheni na ile mashine ya kushtua moyo. Mstari umenyooka kwenye skrini, daktari anapaza sauti, mgonjwa anarushwa juu, moyo huo! Mstari ulionyooka haushtuliwi. Umeme ni wa moyo unaotetemeka ovyo, ili urudi kwenye mpangilio. Ukishanyooka ni kukandamiza kifua na sindano ya adrenalini.

Na kukandamiza kwenyewe siyo kule kwa viwiko vilivyokunjwa. Ni sentimita 5 hadi 6 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mbavu huvunjika, unazisikia chini ya kiganja. Utafiti wa 1996 ulikuta theluthi mbili ya waliokandamizwa kwenye vipindi vya televisheni vya Marekani walirudi nyumbani hai. Ndugu wa wagonjwa wanakuja wodini na hesabu hiyo kichwani, na sisi ndio tunaotazamwa usoni.

Kimya Kidogo:
Sista, na wale wanaozinduka kutoka koma nyusi zimechongwa?

Sista Zamu:
Hahaha! Anayetoka koma hafumbui macho akamtaja mchumba wake. Macho yanafunguka kwanza bila kumtazama mtu, baadaye ndipo yanaanza kukufuata. Midomo imepasuka, mrija uko puani, misuli imekwisha hata shingo haijishikilii. Na wengi wanakuwa wakali, wanang'oa mipira. Naingia zamu, ya kujifungua tutayasema nikirudi, huko ndiko wanakodanganya zaidi.