Darasa langu linamhurumia mwenzao badala ya kucheza naye. Nifanyeje?

Chaki_Nyeupe
Wadau, naomba ushauri, hasa wa walimu na wenye uzoefu wa ulemavu wa kusikia.

Mwanzoni mwa muhula nilipokea mwanafunzi wa miaka 11 anayevaa shimesikio, yaani kifaa cha kumsaidia kusikia, masikio yote mawili. Wiki ya kwanza wapo waliomcheka. Nikaongea na darasa kwa kirefu kuhusu upendo na kuwajali wenye ulemavu, naye akiwa amekaa palepale. Vicheko vikakoma, nikadhani kazi imekwisha.

Sasa wanambebea begi na kumnakilia yaliyoandikwa ubaoni. Mapumziko yakifika, hakuna anayemwita kucheza. Kazi za vikundi wanazimaliza wenyewe, kisha wanaongeza jina lake chini. Juzi alibaki nyuma baada ya kipindi akaniambia, "Mwalimu, tafadhali usiwaambie tena habari zangu." Usingizi umenipaa tangu siku hiyo. Nianzie wapi kurekebisha?

Mama_Wawili
Pole mwalimu, nia yako ilikuwa njema. Waambie siku moja wote wazibe masikio kwa pamba kipindi kizima. Wakionja wenyewe watamwelewa.

Sikio_la_Kushoto
Mama Wawili, kwa heshima zote, hapo sikubaliani nawe. Navaa kifaa hiki tangu nina miaka 6, na shuleni kwetu zoezi hilo lilifanyika. Aliyezibwa masikio kwa dakika 40 anaonja hofu ya kupotewa na kitu. Hajui maisha ya mtu aliyekwisha kuzoea, anayesoma midomo na kujua akae upande gani. Wenzangu walitoka pale wakinihurumia maradufu.

Mwalimu, liwekee darasa taratibu za kuzungumza, na ziwe za wote bila kumtaja yeye. Kifaa hakirudishi usikivu ukawa kama wa mtu mwingine. Kinakuza sauti, na kelele za viti vinavyoburuzwa zinakuja nazo. Kwa hiyo anayeongea amtazame anayeambiwa, asizibe mdomo kwa mkono, na wasiongee wawili kwa mpigo. Wewe nawe usifafanue huku umegeukia ubao. Asiposikia, rudia kwa maneno mengine bila kupaza sauti, maana ukipiga kelele midomo inabadilika umbo na haisomeki.

Halafu kuna maneno haya: "Basi, achana nayo, haikuwa muhimu." Yapige marufuku kabisa. Niliyaambiwa kila siku, kila wenzangu walipocheka nami nikauliza wanacheka nini. Yaliniuma kuliko kuchekwa.

Mwalimu_Mstaafu
Niguse kazi za vikundi. Mwaka 1971 huko Austin, Texas, shule zilikuwa zimeanza kuchanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Mexico, na madarasa yakajaa uhasama. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake hawakuwahubiria. Waligawa somo vipande: kila mmoja kikundini akapewa kipande chake peke yake, akakisoma, akaja kuwafundisha wenzake, kisha wakapimwa kwa somo zima. Usipomsikiliza mwenzako, sehemu yake hutaipata kwingine.

Nimeitumia njia hii miaka mingi. Kabla ya kurudi vikundini, waliopewa kipande kimoja wakutane kwanza wakijadili, ili asiwepo anayekwenda kufundisha asichokielewa. Siku za mwanzo watamkatiza. Kaa karibu, usiwakemee, waulize tu: "Mmeshapata kwake yote mtakayoulizwa?" Na usimtafutie kipande chepesi, dada. Watagundua siku hiyohiyo.

Mlezi_wa_Zamu
Yeye mwenyewe umemwomba radhi? Na umemuuliza anataka nini?

Chaki_Nyeupe
Mlezi, swali lako limenisukuma. Jana nilimwomba radhi tukiwa wawili tu, nikamuuliza angependa nini kibadilike. Nilitegemea ataje marafiki. Akasema anataka zamu ya kupiga kengele, kwa sababu kila mwezi anarukwa.

Nikaenda kuitazama ratiba ukutani. Kweli jina lake halimo, na mwandiko ni wangu. Nilimruka bila hata kujiuliza kama anaweza.

Jumatatu kengele ni yake. Somo la kwanza la vipande litakuwa mzunguko wa maji, naye amepewa mvuke. Mama Wawili, asante nawe. Ningefanya hivyohivyo kama nisingeuliza.