Wanuri Kahiu: katuacha, au hatukumwachia pa kukaa?

Mleta mada

Wakuu, ubishi huu ulianzia mezani kwa shemeji yangu. Nauleta hapa kwa sababu ugali ulipoa na hatukuafikiana.

Yeye anasema Wanuri Kahiu, mwongozaji wetu wa filamu, katupa kisogo. Alianza na mambo ya Nairobi, sasa anaongoza Look Both Ways ya Netflix (2022), habari za msichana wa Texas aliyemaliza chuo, na baadhi ya vipindi vya Washington Black. Shemeji haiiti hiyo kazi ya mwongozaji Mkenya. Anaiita ajira ya Hollywood.

Nakataa. Mwaka 2008 huyu dada alitoa From a Whisper, inayohusu bomu la Nairobi la tarehe 7 Agosti 1998. Wengine wangekimbilia magaidi na wapelelezi wa Kimarekani. Yeye kamfuata binti aliyepoteza mama. Ikabeba tuzo 5 za AMAA, zile tuzo za filamu za Afrika, mwaka 2009, ya mwongozaji bora ikiwemo. Kisha ikaja Pumzi, kama dakika 20 hivi, dunia imekauka hadi jasho la mtu linasafishwa anywe tena. Ikafika Sundance, tamasha la filamu la Marekani.

Sasa hesabuni nami. Filamu yake ndefu ya kuigiza iliyofuata ni Rafiki, mwaka 2018. Miaka 10! Mtu katoka na tuzo 5 mkononi, na hakuna aliyemfungulia pochi hapa nyumbani. Fedha nyingi za Rafiki zilitoka Ulaya. Ilipokamilika ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, na sisi tukaifungia. Hapo aliyempa mwenzake kisogo ni nani?

Mama wa Nyali

Mwanangu, unaruka jambo. Rafiki ni habari ya wasichana wawili wanaopendana, na sheria ya filamu ipo, Sura ya 222. Bodi ya filamu ya Kenya ilisema kilichopigwa picha si kile kilichokuwa kwenye mswada ulioidhinishwa. Mimi ni mzazi na marufuku ile niliiunga mkono, sioni haya kusema. Kushangiliwa Cannes hakumfanyi mtu awe juu ya sheria ya kwao.

Mleta mada

Mama, shikamoo. Uzazi wako siugusi. Lakini bodi ilitaka pia mwisho wa filamu ubadilishwe, kwa kuwa uliwaachia wale wasichana matumaini. Akakataa. Mtazamaji mzima, mwenye kitambulisho, anakingwa na matumaini? Mahakama Kuu iliondoa marufuku kwa siku 7 Septemba 2018, ili filamu iweze kuwania kupelekwa Oscar, na kumbi za Nairobi zikafurika. Kenya ikapeleka Supa Modo, filamu nzuri, sina neno. Aprili 2020 Mahakama Kuu hiyohiyo ikaibariki marufuku. Ukiwa ni wewe mwongozaji, ungeandika mswada gani mwingine hapo?

Fundi taa, Nairobi

Mnabishana juu ya bodi, mimi niwaambie habari za tumbo. Nimeshika taa kwenye tamthilia mbili za jioni. Sehemu mbili kwa siku, jenereta likikohoa tu sote tunakaa kimya tukisubiri. Dairekta wa moja alikuwa mama mmoja hodari kuliko wanaume wote niliofanya nao kazi, na malipo yake yalichelewa miezi minne. Yangu mpaka leo. (Producer akisoma hapa anajijua.)

Halafu mnamuuliza Wanuri kwa nini kaenda. Mwongozaji mwenzake Judy Kibinge kabaki: baada ya filamu yake Something Necessary ya 2013, nguvu zake nyingi zimekwenda Docubox, kutafutia wengine fedha za filamu za hali halisi. Kazi ya maana sana, lakini ni miaka ambayo angekuwa nyuma ya kamera. Anne Mungai naye alitoa filamu yake Saikati mwaka 1992. Vijana wangapi humu wameiona?

Na jingine. Mwanasoka wetu Victor Wanyama alipokwenda Tottenham ya Uingereza tulichinja mbuzi. Hakuna aliyesema katuuza.

Mtanzania

Kaka, mfano wako una tundu. Wanyama alikuwa akirudi kuvaa jezi ya Harambee Stars, timu yenu ya taifa. Dada yenu anarudi na nini? Filamu ya Texas angeweza kuiongoza Mmarekani yeyote, na nikiitazama sioni mkono wa aliyetengeneza Pumzi. Kula ale, simnyimi. Ila msiniambie ni ushindi wetu.

Mleta mada

Hapo kidogo umenipata. Look Both Ways nami niliitazama nikipiga pasi. Lakini jezi alikuja nayo mwaka 2018, mkafunga lango la uwanja.

Mtanzania

Mlifunga nyie. Mimi niko Tanga.

Mama wa Nyali

Jezi hiyo sikuipenda na sitaipenda. Ila hii ya bomu sikuwa na habari nayo. Siku ile ndugu yangu alikuwa mjini, Moi Avenue, akarudi jioni bila viatu, na hajatusimulia mpaka leo. Ningependa kuitazama naye. Inapatikana wapi?

Fundi taa, Nairobi

Nilikuwa nayo kwenye DVD, mama. Ilikwaruzika, inakwama katikati. Ngoja niulize wenzangu.