Tupeane uzoefu: ulilelewa na nani, na ujana wako ulikuwaje?

mjomba_wa_Mwanga:
Wanakigoma mwakeye, na ndugu zetu wa Tabora pia. Nina mpwa wangu ana miaka 14, nakaa nae hapa Mwanga toka mwezi wa kwanza baada ya dada na mumewe kuachana. Anakula, shule anaenda, heshima anayo, ila kimya mno. Nilisoma kwamba Ulaya kuna utafiti wa mashuleni unarudiwa kila miaka 4, watoto wa miaka 11, 13 na 15 wanaambiwa wajiweke kwenye ngazi, 0 maisha mabaya kabisa na 10 mazuri kabisa, na wanaoishi na baba na mama kwa wastani wanakaa juu zaidi, ila pengo linapungua ukiangalia hali ya pesa nyumbani na kama mtoto anaongea na mzazi bila woga. Basi juzi tunachambua dagaa nikamuuliza yeye yuko ya ngapi. Akasema nne. Sijalala vizuri toka siku hiyo. Mliolelewa nje ya kwenu naombeni mniambie.

binti_Ujiji:
Mimi kanilea bibi. Mama alikuwa Kibirizi anaanika dagaa, giza la mwezi wavuvi wako kazini hatumuoni kabisa, mbalamwezi ikiingia boti zinalala ndo anakuja, kwahiyo mimi nilikuwa nauangalia mwezi kama wenzangu wanavyoangalia kalenda. Majirani walinionea huruma lakini ningeulizwa ningesema 8. Bibi akiwa jikoni ananiuliza siku nzima ilivyokwenda, nani kachapwa, nani kanichokoza, na kesho yake analikumbuka jina la huyo aliyenichokoza.

wa_Urambo:
Kwangu haikuwa hivyo. Baba analima tumbaku Urambo, akanipeleka Tabora mjini kwa baba mdogo nisome. Kusoma nimesoma nashukuru. Lakini nguo za watoto wa pale ziko kabatini, zangu kwenye mfuko wa rambo chini ya kitanda miaka minne. Hakuna aliyenipiga, na hakuna aliyeniuliza kitu. Likizo nikirudi tunakesha na baba kwenye bani tunachochea moto tumbaku ikauke, moshi machoni, baba mwenyewe sio muongeaji, alafu nilikuwa naomba kusikuche. Mjini 3, kwenye bani 10.

Kasulu_damu:
Mimi nilikuwa nao wote wawili nyumba moja, hawasemeshani, natumwa mimi "kamwambie baba yako". 2. Walipotengana nililia sana alafu usiku nikalala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau. Kaka, huyo binti muache aongee na baba yake kwenye simu na wewe toka nje kabisa.

mjomba_wa_Mwanga:
Asanteni sana, simu nitampa. Wa Urambo, huo mfuko umenishtua nikaenda kuchungulia chumbani. Begi lake bado liko karibu na mlango, anatoa nguo moja, anarudisha, anafunga zipu, toka mwezi wa kwanza na mimi napita hapo kila siku! Nikamuuliza anataka kabati la milango mingapi. Akasema "kwani mjomba, nakaa mpaka lini?" Nikamwambia mpaka utakapotaka wewe mwenyewe. Hakunijibu, ila leo kanifuata hadi kwa fundi, kachagua lenye kufuli.